Mtungi wa Shinikizo la Chini, Mtungi wa Shinikizo la Juu

Nchini Marekani mitungi ya chuma ya wapiga mbizi huuzwa kwa majina mawili: ya shinikizo la chini na ya shinikizo la juu. Ule wa kwanza hujazwa hewa hadi paundi 2,400 kwa inchi ya mraba, yaani baa 165 hivi. Wa pili hufika paundi 3,442, takriban baa 237. Asiyejua huweza kudhani kwamba ule wa chini hutoa hewa kwa unyonge, kumbe baa 165 ni zaidi ya mara 60 ya upepo wa tairi la gari dogo. Na hewa humfikia mzamiaji mdomoni kwa namna moja, mtungi uwe huu au ule, maana regulata huishusha kwanza.

Kwenye regulata ndipo istilahi inapoleta mkanganyiko. Mpira unaopeleka hewa mdomoni nao huitwa wa shinikizo la chini, ingawa hubeba baa 10 hivi tu juu ya shinikizo la maji yaliyomzunguka mzamiaji. Mpira wa geji huitwa wa shinikizo la juu kwa sababu hupokea shinikizo lote la mtungi, hata mtungi wenyewe ukiwa ni wa "chini". Mwanafunzi anayekutana na neno lilelile likimaanisha 165 mgongoni na 10 mdomoni ana haki ya kuchanganyikiwa.

Maneno tunayo. Presha ni ya tairi na ya maradhi. Mgandamizo tumeuzoea katika taarifa za hali ya hewa, hasa za vimbunga, lakini ningependa tuuache ueleze tendo la kuishindilia hewa mtungini. Kanieneo ni sahihi kabisa kifizikia, ila nje ya darasa haisikiki sana. Shinikizo limeshaenea pamoja na shinikizo la damu, nami nalichagua hilo.

Hata hivyo, jina zuri halimtoshi mnunuzi. Chukua mitungi miwili inayouzwa sana huko Marekani: wa shinikizo la chini wa futi za ujazo 85 na wa shinikizo la juu wa futi za ujazo 100. Vipenyo vyake vinakaribiana, na ujazo wa ndani unakaribiana mno. Kinachotofautiana ni kiasi ambacho chuma kimeruhusiwa kubeba. Ndiyo maana mtungi wa 100 ukijazwa hadi paundi 3,000 tu bado una futi 87 hivi, sawa na mwenzake uliojaa. Wanaosema mtungi wa shinikizo la juu ni hasara pale kompresa ya duka isipofika juu hawajapiga hesabu hiyo.

Kiwango kilichoruhusiwa kimegongwa begani mwa mtungi. Ukiona 3AA2400, hiyo 3AA ni aina ya chuma na utengenezaji, na 2400 ni paundi. Tarehe ya jaribio la maji, ambalo hurudiwa kila baada ya miaka 5, ikifuatwa na alama ya kujumlisha, mtungi huo unaruhusiwa kuongezwa asilimia 10, hadi paundi 2,640. Wazamiaji wa mapangoni kaskazini mwa Florida wana desturi ya kuusukuma hadi 3,600, ilhali shinikizo la kuujaribia ni 4,000. Simshauri mtu kufanya hivyo. Anayehitaji hewa nyingi zaidi anunue mtungi mkubwa zaidi.

Ulaya hutaja vitu viwili pamoja: lita 12, baa 232. Ukizidisha unapata lita 2,784 za hewa, kwa makadirio. Katika vituo vya kuzamia vya Zanzibar pia lita na baa ndizo zinazosemwa, ingawa mitungi ya kukodi huko kwa kawaida ni ya alumini. Kwa hiyo Kiswahili kisirithi jina la nusu. Tuseme "mtungi wa chuma wa lita 12, shinikizo la kujazia baa 232", na tuyaachie mipira ya regulata maneno "la chini" na "la juu".

Ukienda kununua, uliza lita ngapi na baa ngapi, kisha soma mwenyewe namba za begani kabla ya kutoa pesa.