Majirani Zetu wa Karen Walitutangulia Takaungu

Wiki mbili sasa inboksi yangu imejaa jibu moja. Niliposti kwamba mimi na manzi wangu tunatafuta mahali Pwani, patulivu, pasipotumaliza mfuko, na mkanijibu kama watu wa kupiga kura: Diani, Diani, Watamu, Diani, "enda Pirates buda wacha kujichocha." Asanteni. Lakini kuna kitu nimekipata nikisoma usiku (ndio, niliacha chuo mwaka wa pili, sikuacha kusoma), na nimeona niandike yote hapa badala ya kukata video ya sekunde 40.

Kwanza mjue kwa nini nasumbuka hivi. Mwezi ujao manzi wangu anapanda ndege kwenda Doha. Kazi ya nyumba, mkataba wa miaka 2. Saa hii anaishi Kawangware na mathe wake na wadogo zake watatu kwa chumba kimoja. Mimi niko Satellite kwa keja ya mabati, jirani akikohoa najua kama ni kifua ama ni vumbi. Kanisa liko upande huu, baa upande ule, na kuna deree mmoja hupima honi saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu. Tumekuwa pamoja miaka 3 na hatujawahi kuongea kitu cha maana bila mtu wa tatu kusikia. Tuna shilingi 20,000 za watu wawili kwa siku nne. Kwa hivyo nikisema "patulivu" simaanishi pa kupiga picha. Namaanisha mahali mtu anaweza kuuliza swali gumu na asikie jibu.

Sasa twende kwa historia.

Ukitoka Satellite uingie Ngong Road uelekee juu, unafika Karen. Si mbali, wengi wetu tuna mtu wa familia anayefanya kazi huko, ya bustani ama ya jikoni. Huko ndiko alikoishi Karen Blixen, yule Mdenmarki wa shamba la kahawa, kuanzia 1914 hadi 1931. Mpenzi wake alikuwa Denys Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo mkubwa aliyekuwa akiwapeleka matajiri kuwinda. Wengi mnawajua kwa ile filamu ya 1985. Kitu ambacho sikuwa najua ni kwamba Denys alikuwa na kipande cha ardhi Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, karibu na Kilifi. Alijenga kanyumba kadogo hapo, kando ya magofu ya makazi ya zamani, na Karen mwenyewe aliandika kwenye kitabu chake cha 1937 kwamba aliwahi kukaa huko.

Yaani karibu miaka 100 iliyopita kuna kapo ya upande wetu wa Nairobi ilikuwa imeshatatua hili swali langu. Hawakwenda mahali pa watu wengi. Walitafuta kijiji cha wavuvi.

Lakini angalia nani mwingine alikuwa hapa juu wakati huo. Wakikuyu walioishi kwenye shamba la Karen walikuwa maskwota, na kukaa kwao walilipa kwa kazi, siku 180 kwa mwaka. Kuanzia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanaume Mwafrika aliyefika umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni kwenye kikasha cha chuma. Kipande kilionyesha wewe ni nani, unamfanyia nani kazi na uliacha lini. Watu wa Kibera, Wanubi, walikuwa wamepewa mahali pa kukaa kwa sababu walikuwa wanajeshi wa Mwingereza, wala si kwa sababu mtu aliwapenda. Reli ilikuwepo, ilifika Nairobi 1899 ikitoka Mombasa, ila ilikuwa na madaraja: la kwanza la Wazungu, la pili hasa la Wahindi, la tatu letu. Babu wa babu yangu angeweza kufika baharini, sikatai. Angefika akiwa amebeba kitu cha mtu.

Denys alikufa Mei 1931, ndege yake ndogo ikianguka Voi alipokuwa anarudi kutoka Pwani. Yeye akazikwa Ngong Hills, na hadi leo watu hupanda kuona kaburi. Mtumishi wake Mkikuyu alikufa kwenye ndege hiyo hiyo. Jaribu kumuuliza mtu yeyote kaburi lake liko wapi.

Nimekaa na hiyo sentensi siku kadhaa.

Baada ya hapo nikaanza kujiuliza kwa nini sisi wote tukiulizwa Pwani tunataja majina matano yale yale. Jibu ni kwamba hayo majina hatukuyachagua sisi. Malindi ilishapokea wageni wa kuvua samaki wakubwa tangu miaka ya 1930, hata Ernest Hemingway alipita hapo 1934. Baadaye, miaka ya 1960 na 1970, ndege za kukodi zikaanza kuleta Wajerumani, Waswisi na Waingereza, na hoteli kubwa zikajipanga Nyali, Bamburi na Diani, pale ambapo barabara ya lami na uwanja wa ndege zilikuwa karibu. Waitaliano wakashika Malindi, na hao walikuja na roketi kabisa. Karibu na Malindi kuna jukwaa la San Marco baharini, ambapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Mimi wa Satellite nimejua hii mwaka huu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia.

Na si Kenya peke yake. Cancún ya Mexico, ile mnaona kwa filamu, ilikuwa kisiwa cha minazi na wavuvi wachache. Mabenki wa serikali ndio waliokaa na mahesabu wakaamua hapo ndipo watalii watakapoletwa. Ujenzi ulianza 1970, hoteli za kwanza zikafunguliwa 1974. Leo Mmexico wa kawaida anayetaka utulivu na mpenzi wake anakimbilia vijiji vidogo vya pwani ya Oaxaca. Ufuo maarufu mara nyingi ni uamuzi wa mtu ofisini.

Sisi tuliitwa lini? Kwa maoni yangu, tuliitwa vizuri wageni walipokimbia. Mei 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi na onyo la serikali yao, mamia ya watalii Waingereza waliondolewa Mombasa kwa ndege. Hoteli zikabaki na vitanda vitupu, na ghafla kila tangazo likawa linatutaja sisi, watalii wa ndani. Halafu 31 Mei 2017 SGR ikazinduliwa, tiketi ya daraja la kawaida ikiwa 700 kwa kuanzia, kisha 1,000. Tangu Januari 2024 ni 1,500. Hesabu yangu basi: watu wawili kwenda na kurudi ni 6,000. Zinabaki 14,000 za kulala, kula na mat. Diani kwa pesa hizo unaweza kupata chumba, ndio, mbali na maji, halafu ushinde ukikataa kununua vikuku. Pirates Desemba ni Kawangware yenye chumvi. Samahani kama nimekukanyaga.

Lamu niliitamani sana. Punda, hakuna msongamano wa magari, mji wa kale uliotambuliwa na UNESCO 2001. Lakini kwa basi kutoka hapa ni safari ndefu mno kwa siku nne, na ndege ingekula bajeti yote.

Ndio nikarudi kwa Takaungu, na nikataka kujua kwa nini imebaki kimya. Hapo ndipo raha ilinitoka kidogo.

Takaungu haijawahi kuwa kijiji kisicho na mambo. Seyyid Said alipowavunja nguvu Wamazrui wa Mombasa 1837, kundi moja lilihamia hapo na kujenga mji wao. Waliutajirisha kwa mashamba ya nafaka, na waliolima walikuwa watumwa. Waliotoroka walikimbilia Fuladoyo na misheni ya Rabai. Mwaka 1895 ugomvi wa nani awe liwali Takaungu ulilipuka kuwa vita, Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia, Waingereza wakaleta wanajeshi kutoka India, na 1896 Mbaruk akavuka kwenda upande wa Wajerumani. Utumwa ukafutwa pwani yetu 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: kama una madai ya shamba, njoo na ushahidi uandikishwe. Nani alikuwa na karatasi? Si aliyekuwa mtumwa jana. Na Wamijikenda wengi, waliolima kwa desturi bila karatasi, wakaamka wakiwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Sawa na wale wa shamba la Karen. Jina moja, ncha mbili za reli.

Pia barabara kuu ya Mombasa–Malindi iliiacha Takaungu pembeni. Kwa hivyo huo utulivu ninaoutafuta kwa bei ya chini haukuwekwa na Mungu kwa ajili ya kapo za Nairobi. Sehemu yake ni watu kukosa hati, na pesa kupita kando. Manzi wangu nilipomwambia haya akanitazama akasema, "Kwa hivyo tusiende?" Nikakosa jibu la haraka. Nadhani jibu ni twende, ila tusiende kama Denys, tukijenga hadithi ambayo wenyeji wako nyuma kama miti. Tukilala, tulale kwa nyumba ya mwenyeji. Tukila, tununue samaki kwa aliyemvua, na tusimwombe apunguze bei mpaka aone aibu.

Mambo machache kwa wanaofuata njia hii. Takaungu ni mji wa Waislamu wa zamani. Funika mabega na magoti ukipita vichochoroni, wacha kushikana mbele ya watu, salimia wazee kwa shikamoo hata kama Nairobi tumeisahau. Angalia mwezi kabla ya kukata tiketi: karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji hupanda sana na kushuka sana, na ufuo wenyewe ni mdogo, maji yakijaa hupotea kabisa. Na mahali popote Pwani, askari wa hoteli akikwambia ufuo ni wa wageni wao, Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mimi nilifukuzwa kidato cha pili, tuko kwenye safari ya shule, viatu mkononi. Nilikuwa sijui. Mwalimu pia alikuwa hajui, ama alijua akanyamaza.

Njia yetu ni hii. Treni ya asubuhi kutoka Syokimau, ile inayosimama stesheni ndogo. Hatutafika Miritini. Tutashukia Mariakani, tuchukue mat ya kupitia Kaloleni hadi Mavueni, na hapo Takaungu iko karibu. Tunakwepa Mombasa yote na foleni zake.

Treni hiyo husimama Voi. Nimemwambia manzi tukifika hapo tutaangalia nje upande wa dirisha, ingawa sijui tutakuwa tunatafuta nini hasa. Yeye ameniambia ana maswali matatu ya kuniuliza tukifika, na hatayasema hapa mtaani. La kwanza nalijua. Ni kama nitamngoja. Mengine mawili yananinyima usingizi kuliko yule deree wa honi.

Tiketi ni za Jumanne, tunarudi Ijumaa. Nyumbani amesema anaenda kumsalimia rafiki Kilifi. Mama, kama kuna mtu amekuonyesha hii posti, pole sana. Tutakuletea mahamri na nazi mbili.