Mlango wa Shule Yetu

Kila Januari wazazi wengi wa Bukoba na Muleba huhesabu fedha na kukuta hazitoshi. Kahawa imekwisha kuuzwa, wengine waliiuza ikali mtini kwa butura, na ada bado haijatimia. Kabla ya kuuliza kanisa lifanye nini, tukumbuke jinsi mlango wa shule ulivyofungwa na kufunguliwa katika historia yetu.

Chini ya Waingereza, elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, Waafrika zao, na mtoto wa Kizungu alitengewa fedha nyingi kuliko wa Kiafrika. Hata miongoni mwa Waafrika kulikuwa na ngazi: shule ya serikali ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920, ililenga hasa wana wa watemi.

Huku kwetu mtoto wa mkulima alisoma zaidi kwa mkono wa misheni. Wakatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Betheli wakaja Bukoba mwaka 1910. Barbro Johansson, aliyetoka Sweden mwaka 1946, aliongoza shule ya wasichana ya Kashasha wakati wazazi wengi waliona kumsomesha binti ni hasara. Lakini tukiri: shule za misheni nazo zilikuwa na mlango wake, nao ulikuwa dhehebu.

Tarehe 1 Januari 1962, mara baada ya uhuru, mfumo wa rangi ulifutwa. Kwa sheria ya mwaka 1969 serikali ikatwaa shule nyingi za makanisa. Waumini waliojenga kwa jasho lao waliumia, ila Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu wakaketi dawati moja. Kisha nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa, ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate haki yao. Mkoa wetu, wenye wasomaji wengi, ukaona watoto wake wakibaki nje. Ndipo wazazi na makanisa wakajenga shule za binafsi.

Leo shule hizo hazimwulizi mtoto rangi yake, wala nyingi hazimwulizi dhehebu. Zinauliza ada. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, hivyo mwenye nacho huenda kwetu na asiye nacho huenda kule. Tunawatenga watoto tena, safari hii kwa mfuko wa baba. Na yule anayelelewa na bibi yake, kama walivyolelewa wengi tangu UKIMWI ulipotupiga miaka ya 1980, hana hata mfuko huo.

Ni kweli, walimu lazima walipwe, na shule haiendeshwi kwa huruma tupu. Lakini Yakobo analikemea kusanyiko linalompa tajiri kiti kizuri na kumwacha maskini amesimama. Kila Jumapili ya mavuno tunanadi ndizi, kahawa na kuku. Kila usharika ungeweza kutenga sehemu ya mnada huo kulipia kiti kimoja kwa mtoto mmoja, na wazee wa kanisa wakamtafuta nyumbani kwake badala ya kungoja aje kuomba.

Wazee wetu walijenga shule hizi kwa sababu watoto wao waliachwa nje. Tusiwe sisi wa kuwaacha wengine nje.