Kuhesabu Utitiri wa Kope

Mwaka 1842 daktari wa Berlin, Gustav Simon, alieleza kwa kina mdudu mwembamba aliyemkuta kwenye vitundu vya vinyweleo vya uso. Mwaka uliofuata Mwingereza Richard Owen akampa jina Demodex.

Kwa muda mrefu, kupima wingi wake kwenye kope kulimaanisha kung'oa: daktari alishika ukope kwa kibano, akauweka chini ya hadubini, akahesabu. Wadudu waliobaki ndani ya kitundu hawakuhesabiwa. Mwaka 2005 watafiti wa Miami walionyesha kuwa magamba yanayozunguka shina la ukope kama kola ya shati ni dalili kubwa ya kuwepo kwao.

Leo siharakii kumng'oa mtu kope. Namwambia, "Mama, tazama chini," kisha nahesabu kope za juu zenye magamba. Zisizozidi 2, daraja sifuri. 3 hadi 10, la kwanza. Zaidi ya 10 lakini chini ya theluthi moja, la pili. Kati ya theluthi moja na mbili, la tatu. Zikizidi hapo, la nne.

Nasisitiza daraja liandikwe kwenye faili. Wadudu hawa huishi hata kwa watu wasioumwa. Bila kipimo cha mwanzo, hatutajua kama dawa imesaidia.