"Haijathibitika" si "Hakuna": Nadharia Tete na Masafa ya Kuaminika katika Historia ya Utafiti wa Afya

Taaluma inapohamia katika lugha mpya huja na msamiati wake, na mara nyingi huja pia na makosa yake ya zamani. Makala hii inakusudia kufuata historia ya mbinu mbili za takwimu zitumikazo sana katika utafiti wa afya, yaani upimaji wa nadharia tete na ukadiriaji wa masafa ya kuaminika. Nia ni kuonyesha kwamba kosa kubwa lililoiandama mbinu ya kwanza ni kosa la lugha kama lilivyo kosa la hesabu. Kosa lenyewe ni kusema "hakuna" mahali ambapo ushahidi unaturuhusu kusema "haijathibitika" tu.

Tuanzie Paris. Mwaka 1835 daktari Pierre Louis alichapisha uchunguzi wake kuhusu kuwatoa wagonjwa damu, tiba iliyoheshimiwa Ulaya kwa karne nyingi. Miongoni mwa wagonjwa 77 wa nimonia, 41 walitolewa damu katika siku nne za mwanzo, na 18 kati yao walikufa. 36 walitolewa baadaye, na 9 walikufa. Kuhesabu wagonjwa namna hii kulikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, swali moja lilibaki: je, tofauti kama hiyo haiwezi kuzuka kwa bahati tu?

Swali hilo lilishikwa na Jules Gavarret katika kitabu chake cha mwaka 1840. Akitumia hesabu za mwanahisabati Poisson, alizirudia takwimu za Louis kuhusu homa ya matumbo: wagonjwa 140, waliokufa 52, yaani kama asilimia 37. Gavarret alionyesha kuwa, kwa idadi ndogo kama hiyo, kiwango halisi cha vifo kingeweza kuwa popote baina ya asilimia 26 hivi na asilimia 49 hivi. Kwa hiyo, aliyedai kwamba tiba ile huandamana na vifo 37 katika kila wagonjwa 100 alikuwa amesema zaidi ya alivyojua. Yafaa ikumbukwe kuwa wazo la kutaja mipaka ya ujuzi wetu lilikuwapo katika tiba karibu karne nzima kabla halijapewa jina linalotumika leo.

Karne ya ishirini ilileta mbinu ya pili kwa nguvu zaidi. Mwaka 1925 R. A. Fisher, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alitoa kitabu kilichowafunza watafiti kupima nadharia tete. Mtafiti huanza kwa kudhania kuwa hakuna tofauti baina ya makundi mawili. Kisha hukokotoa uwezekano wa kupata matokeo kama yake, au yaliyo mbali zaidi na dhana hiyo, endapo dhana yenyewe ni kweli. Uwezekano ukipungua chini ya 5 katika 100, kwa desturi dhana hiyo hukataliwa. Usipopungua, dhana haikukataliwa. Lakini haikuthibitishwa pia. Fisher mwenyewe alilisisitiza jambo hili mwaka 1935. Naye Jerzy Neyman, aliyekuwa ameandika pamoja na Egon Pearson mwaka 1933 juu ya makosa mawili yanayoweza kufanywa katika upimaji, alieleza nadharia ya masafa ya kuaminika mwaka 1934 na kuikamilisha mwaka 1937. Masafa ya asilimia 95 hutokana na utaratibu ambao, ukirudiwa mara nyingi, utaizingira thamani ya kweli mara 95 katika kila 100.

Pamoja na maonyo hayo, majarida ya tiba yaliupokea upimaji na kuyaacha masafa. Mwaka 1978 Freiman na wenzake walichunguza majaribio 71 yaliyotangazwa kuwa hayakuona faida ya tiba. Waligundua kwamba 50 kati yake yangeweza kabisa kupitwa na faida ya nusu nzima, kwa sababu wagonjwa walikuwa wachache mno. Ilikuwa baada ya hapo, mwaka 1986, ambapo Gardner na Altman waliwataka waandishi wa jarida la madaktari wa Uingereza watoe masafa badala ya kutegemea upimaji peke yake.

Mfano wa karibu nasi utadhihirisha uzito wa jambo hili. Kati ya 2009 na 2011 watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vyema mwilini walishirikishwa katika jaribio lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwamo. Makundi mawili yalitiwa maji mengi ya mishipani kwa haraka, moja albumini na jingine maji ya chumvi. La tatu halikutiwa. Katika saa 48 walikufa asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Hatari ya kufa kwa waliotiwa maji kwa haraka ilikuwa mara 1.45 ya wenzao, na masafa yake ni 1.13 hadi 1.86. Tiba iliyokuwa ikisifiwa vitabuni ilionekana kudhuru, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Lakini tulinganishe albumini na maji ya chumvi: uwiano ni 1.01, na masafa ni 0.78 hadi 1.29. Atakayeandika kuwa "hakuna tofauti" atakosea. Tofauti haijaonekana; yamkini mojawapo hupunguza vifo kwa kiasi cha haja, au huviongeza.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa. Kiambishi -ja- cha ukanushi hubeba maana ya jambo lisilotimia hadi sasa bila kuufunga mlango: "haijathibitika" haisemi kwamba haitathibitika. Hicho ndicho hasa mtafiti anachoruhusiwa kukisema baada ya upimaji usiofaulu kuikataa dhana yake. Kinyume chake, tunapolifasiri neno la Kiingereza "significant" kwa "muhimu", tunamdanganya msomaji, kwani matokeo yanaweza kuvuka mpaka wa takwimu na yasiwe na umuhimu wowote kwa mgonjwa. "Yasiyoelekea kuwa ya bahati" ni maneno marefu, lakini ni ya kweli. Hali kadhalika, "masafa" yafaa kuliko "kipindi", kwa kuwa hapa hapana suala la wakati. Na "kuaminika" yafaa kuliko "imani", kwa kuwa kinachoaminika ni utaratibu wa kukadiria, wala si hisia ya mtafiti.

Mzazi anayeombwa ridhaa katika wodi ya watoto huombwa kwa lugha anayoielewa, na mara nyingi pwani yetu lugha hiyo ni Kiswahili. Msamiati tutakaouidhinisha sisi wanaisimu ndio utakaomfikia. Basi kazi ya istahilisheni katika uwanja huu haifai kuachiwa wanatakwimu pekee.