Mpira na kitabu: wanafutiboli wa vyuo vya Marekani wanaotunukiwa kwa masomo



Shuleni nilikosoma mimi, ukiwa mkali wa mpira walishakuweka kwenye kundi la vilaza hata kabla mtihani haujaja. Na mwenye kichwa akionekana uwanjani jioni anaambiwa anachezea maisha. Yaani uchague: mpira au kitabu. Sasa kuna nchi ambako hivyo viwili vimefungwa kamba moja, na kila mwaka wanatoa vikombe kwa mtu anayevimudu vyote. Leo nimeamua niiweke habari hiyo sehemu moja: tuzo zenyewe, vigezo, waliozichukua, na mambo ambayo picha za tuzo haziyaonyeshi. Ni ndefu kidogo, vuta kiti.

FUTIBOLI IPI?

Siyo soka. Wamarekani wakisema futiboli wanamaanisha ule mchezo wa helmeti na mabega ya plastiki, mpira umechongoka kama yai, watu 11 kila upande wanagombania ardhi hatua kwa hatua. Ligi kubwa ya kulipwa inaitwa NFL. Tofauti na Ulaya, ambako klabu zinalea watoto kwenye akademi zao, NFL inachukua karibu wachezaji wake wote kutoka vyuo vikuu. Kwa hiyo kijana anayetaka kufika huko, atake asitake, lazima ajiandikishe chuo na akae darasani. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi kinaitwa NCAA.

Hapo ndipo tuzo za masomo zinapopata maana. Chuo kinasema huyu ni mwanafunzi kwanza, mchezaji baadaye. Tuzo ndiyo ushahidi wao.

TUZO ZENYEWE

1. Academic All-America. Hii ilianza 1952. Inatolewa na chama cha maofisa habari wa michezo wa vyuo, ambacho tangu 2022 kinaitwa College Sports Communicators, zamani CoSIDA. Wao wenyewe ndio wanapiga kura. Mchezaji awe wa kikosi cha kwanza au akiba anayetegemewa, awe ameshamaliza walau mwaka mmoja chuoni, na GPA yake siku hizi isipungue 3.50. Angalia hapo: GPA ya Marekani mwisho wake ni 4, siyo 5 kama ya UDSM. Kwa hiyo 3.50 ni alama za mtu anayepiga msuli kweli kweli. Chuo Kikuu cha Nebraska ndicho kinachojivunia kutoa wengi zaidi, ukijumlisha michezo yote.

2. National Scholar-Athlete. Hii ni ya taasisi iitwayo National Football Foundation, tangu 1959. Haiishii kwenye cheti, kuna pesa ya kuendelea na masomo ya juu. Mshindani awe mwaka wake wa mwisho wa kucheza, GPA isipungue 3.2, awe mchezaji wa maana, na awe kiongozi kwa wenzake. Kila anayeingia fainali anapata dola 18,000.

3. William V. Campbell Trophy. Katika hao wa namba 2 anachaguliwa mmoja, ndiye anaondoka na kombe hili, na fungu lake linapanda mpaka dola 25,000. Lilianza 1990 kwa jina la Draddy Trophy, jina likabadilishwa 2009. Bill Campbell mwenyewe aliwahi kuwa nahodha na baadaye kocha wa timu ya Columbia, halafu akageuka kuwa mshauri mkubwa wa mabosi wa kampuni za kompyuta California.

4. Rhodes Scholarship. Hii siyo ya mpira. Ni ufadhili wa kusoma Oxford, Uingereza, Wamarekani 32 kwa mwaka. Naiweka hapa kwa sababu wanafutiboli kadhaa wameipata, na akiipata mchezaji chuo kizima kinatembea kifua mbele.

WALIOCHUKUA

Byron White. Huyu ni wa zamani, chuo cha Colorado. Mwaka 1937 alishika nafasi ya pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 1938 akiwa NFL aliongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira, kisha akaenda Oxford kwa Rhodes. Mwaka 1962 Rais Kennedy akamteua kuwa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Akakaa pale hadi 1993.

Chris Howard. Ndiye wa kwanza kabisa kuchukua kombe la namba 3, mwaka 1990, akitokea chuo cha jeshi la anga. Naye alikwenda Oxford kwa Rhodes. Baadaye amekuwa mkuu wa vyuo viwili, Hampden-Sydney na Robert Morris.

Makwotabeki, yaani wale wanaopanga shambulizi na kurusha mpira. Danny Wuerffel wa Florida mwaka 1996 alibeba hilo kombe la masomo na Heisman kwa pamoja. Mwaka uliofuata akachukua Peyton Manning wa Tennessee, ambaye alishamaliza shahada yake kwa miaka 3 na bado akarudi kucheza mwaka wa nne. Tim Tebow akachukua 2009. Justin Herbert wa Oregon, aliyesomea sayansi, 2019.

Sam Acho. Beki wa Texas, wazazi wake ni Wanigeria. Alichukua 2010.

Myron Rolle. Huyu habari yake ni kama filamu. Wazazi wake wanatoka Bahamas, yeye alicheza Florida State na kumaliza shahada kwa miaka miwili na nusu. Tarehe 22 Novemba 2008 alikuwa na usaili wa Rhodes Birmingham, jimbo la Alabama, na siku hiyo hiyo timu yake ilikuwa na mechi Maryland. Akafanya usaili, akaambiwa amepita, akapanda ndege, akaingia uwanjani mechi ikiwa inaendelea. Walishinda 37-3. Aliacha msimu wa 2009 ili aende Oxford. Mwaka 2010 Tennessee Titans wakamchukua, ila alikuwa chaguo la 207, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi. Akarudi darasani, akamaliza udaktari 2017, leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo.

John Urschel. Wa Penn State, yale mapande ya watu yanayomkinga kwotabeki. Alikuwa na shahada mbili za hesabu akiwa bado anacheza chuo, na alishaanza kuwafundisha wanafunzi wenzake. Kombe la Campbell 2013, Baltimore Ravens 2014, mwaka 2016 akaanza udaktari wa hesabu MIT huku bado yuko NFL. Julai 2017 ukatoka utafiti wa ubongo wa wachezaji waliokufa: kati ya 111 wa NFL, 110 walikutwa na ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara nyingi. Tuwe wakweli, hao hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, familia nyingi zilitoa ubongo kwa kuwa tayari zilikuwa na wasiwasi. Ila siku mbili baadaye Urschel akatangaza kustaafu, akiwa na miaka 26. Udaktari alimaliza 2021, na sasa anafundisha pale pale MIT.

NA WALE AMBAO HAWAITWI JUKWAANI?

Hapa ndipo nataka tutulie. Ukisoma orodha ya juu unaweza kudhani vyuo vya Marekani vinazalisha akina Urschel kila siku. Hapana.

Kwanza sheria. NCAA inamtaka mchezaji awe amefikisha asilimia 40 ya shahada yake akimaliza mwaka wa pili, 60 wa tatu, 80 wa nne. Asipofikisha hachezi. Kwa lugha yetu, wanataka asidisko. Inaonekana nzuri. Lakini mfumo unaokukataza kufeli siyo lazima ukufundishe kitu. Unaweza kutafutiwa masomo mepesi, ukapita, ukacheza, ukatoka mtupu.

Ushahidi upo. Dexter Manley alicheza miaka minne Oklahoma State, akaenda NFL akachukua ubingwa mara mbili na timu ya Washington. Mwaka 1989 alisimama mbele ya kamati ya Seneti na kusema wazi kwamba alipita chuo kikuu bila kujua kusoma. Mtu mzima huyo, alijifunza kusoma baada ya kuwa staa.

Utasema hayo ni ya zamani. Haya, North Carolina. Ripoti ya uchunguzi ya Oktoba 2014 ilieleza kwamba kwa miaka 18 idara moja ya chuo hicho ilikuwa na madarasa hewa: hakuna mwalimu wa kufundisha, unaandika insha moja tu, unapewa alama ya juu. Walipitia wanafunzi zaidi ya 3,100, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Mwaka 2017 NCAA ikasema haiwezi kuadhibu kwa kosa hilo, kwa sababu hata wasiocheza waliyasoma madarasa hayo.

Halafu kuna suala la muda, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Kanuni inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umeanza. Wanafutiboli wa vyuo vikubwa wakiulizwa na NCAA yenyewe, wanataja zaidi ya saa 40. Hiyo ni ajira kamili! Kain Colter, kwotabeki wa Northwestern, chuo kinachosifika kwa masomo na ambako wanafutiboli karibu wote wanamaliza, alieleza mwaka 2014 kwamba alitaka kusomea njia ya udaktari lakini somo la kemia liligongana na mazoezi ya asubuhi. Akabadilisha fani. Sasa niambie, kijana kama huyo kwenye takwimu anahesabiwa mhitimu, safi kabisa. Ndoto yake imeandikwa wapi?

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: tuzo hizi ni za haki na waliozipata walizitolea jasho. Ila zinatuambia mtu mmoja anaweza kufika wapi. Hazituambii chuo kiliwatendea nini wale wengine wote kwenye kikosi.

PESA IMEINGIA MLANGONI

Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote 9 kwa sauti moja, iliamua NCAA haiwezi kuvizuia vyuo kuwapa wachezaji manufaa yanayohusu masomo. Tangu hapo chuo kinaweza kumlipa mchezaji hadi dola 5,980 kwa mwaka kwa kufanya vizuri darasani. Mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kufanya matangazo kwa jina lao. Na kuanzia msimu wa 2025 vyuo vikubwa vinawalipa wachezaji moja kwa moja. Swali linalobaki: pesa ikiwa nje nje hivi, nani atakesha na kitabu?

Jibu liko kwenye hesabu. NCAA inakadiria ni kama asilimia 1.6 tu ya wanafutiboli wa vyuo wanaochukuliwa na NFL. Hata Rolle, pamoja na kichwa chake na miguu yake, hakupata mechi.

SISI INATUHUSU NINI?

Futiboli yenyewe kwetu haipo, ila mlango huo wa ufadhili watu wetu wameupita. Suleiman Nyambui alikimbia akiwa chuo cha Texas, El Paso, na ndiye aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi Washington State. Hasheem Thabeet alipita Connecticut kabla ya kuchukuliwa namba 2 NBA mwaka 2009. Sheria za mchezo tofauti, mkataba wa chuo ni ule ule.

Basi mdogo wangu, ukipigiwa simu na kocha wa huko, usiulize tu jezi. Uliza haya:

- Ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja au wa miaka yote?
- Nikiumia, ada inaendelea?
- Fani ninayoitaka, kuna mchezaji wa timu hii aliyewahi kuimaliza? Nipeni namba yake niongee naye.
- Mazoezi ni saa ngapi, na maabara ni saa ngapi?
- Mpira ukiisha kabla ya shahada, nitasaidiwa kumaliza?
- Viza yangu inaruhusu kulipwa? Viza ya mwanafunzi ina mipaka mikali ya kazi, usidanganywe na pesa za wenzako raia.

Kocha akikwepa namba tatu na nne, ujue anakutaka miguu tu.

Na kwa walimu wetu: mkimuona kijana ana mpira, msimfute kwenye kitabu. Urschel angekuwa kwetu, nani angemwamini kwenye hesabu kwa lile umbo?

Wadau mliosoma huko kwa ufadhili wa michezo, njooni mtueleze hapo chini ilikuwaje. Matusi hapana, hoja ruksa.