Rada nayo inazeeka: inavyojirekebisha isije ikadanganya

Kwa Mtanzania neno rada halitembei peke yake, nyuma yake lazima lije neno chenji. Wadau wa Chapwa na Tunduma mnaikumbuka stori: serikali ilinunua rada aina ya Watchman kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, zikafuata kelele za bei na uchunguzi, na mwaka 2010 kampuni ikakubali kutoa pauni milioni 30, faini ya laki tano ikiwa humo humo. Zile milioni 29.5 zilizobaki zikaletwa mwaka 2012 kwa ajili ya vitabu na madawati. Hapo ndipo ilipotoka "chenji ya rada". Ila katika kelele zote zile ni wachache waliouliza mtambo kama ule unazeekaje, na unafanya nini ili uzee wake usiwadanganye waongoza ndege.

Swali lenyewe linatugusa sisi wa mpakani. Mwaka 2017 serikali ilisaini mkataba na Thales ya Ufaransa wa rada nne za kuongozea ndege za kiraia kwa shilingi bilioni 67.3: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. (Msichanganye hapa. Uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, sio mkoa wetu wa Songwe uliozaliwa 2016. Majina tu yamegongana.) Kabla ya hapo ile ya Dar ilikuwa mbali mno kuona anga la huku, kwa hiyo muongoza ndege alitegemea rubani amwambie kwenye redio yuko wapi.

Haya, twende kwenye mtambo. Rada inatupa mpigo mfupi wa mawimbi ya redio halafu inasikiliza mwangwi. Muda wa kwenda na kurudi unatoa umbali. Tatizo ni kwamba mwangwi unarudi ukiwa dhaifu mno, na nguvu yake inapungua kwa umbali mara nne: ndege ikiwa mbali mara mbili, mwangwi unakuwa mdogo mara 16. Ukigeuza hesabu hiyo unapata jambo la ajabu kidogo. Nguvu ya kurushia ikishuka nusu nzima, rada iliyokuwa inaiona ndege fulani kwa kilomita 100 itaiona kwa 84. Haijazima, skrini inawaka kama kawaida, ila kuna kilomita 16 zimepotea kimya kimya. Uzee wa rada ndivyo ulivyo, hauna moshi.

Nini hasa kinazeeka? Anza na kitu kidogo kuliko vyote, kipande cha kwatsi kinachotoa mapigo ya saa ya mtambo mzima. Ni kama kile cha saa ya mkononi, ila kimewekwa kwenye kijioveni ili joto lake lisibadilike. Miaka ikienda masafa yake yanahama taratibu. Tuseme yamehama sehemu moja katika milioni. Kwa rada ya gigahezi 2.8 hiyo ni hezi 2,800. Sasa ndege inayokuja kwako kwa kilomita 360 kwa saa inabadilisha masafa ya mwangwi kwa hezi kama 1,870 tu. Maana yake kosa la saa ni kubwa kuliko kitu chenyewe unachotaka kupima! Kwa hesabu hiyo rada ingekuwa inaona milima inakimbia.

Haioni hivyo kwa sababu ya ujanja mmoja ambao mimi naona ndio mzuri kuliko yote: saa ile ile inayotengeneza mpigo ndiyo inayotumika kupimia mwangwi. Ikihama, imehama pande zote mbili, na ukitoa moja kwa nyingine kosa linajifuta. Kinachobaki ni sehemu moja katika milioni ya jibu, yaani sentimita 10 katika kilomita 100. Hapo hakuna wa kulalamika.

Rada za magnetroni hazina raha hiyo. Magnetroni ni kile kile kinachopasha chakula kwenye maikrowevu, na rada nyingi za meli zinakitumia. Chenyewe kinajiamulia masafa, yanabadilika kwa joto na kwa uzee. Dawa yake ni kukifuata kinakokwenda: mtambo unachungulia mpigo unaotoka, unapima masafa yake, halafu unaset upande wa kupokea ulingane nao. Ni sawa na wewe kukimbizana na stesheni ya redio inayohama kwenye daili, ila hapa anayezungusha kitufe ni mtambo wenyewe.

Kwenye amplifaya kubwa ya kurushia hadithi ni nyingine. Rada nyingi za kizazi cha Watchman, iliyobuniwa na Plessey miaka ya 1980, zilirusha kwa vali. Sehemu inayotoa elektroni ndani ya vali inachoka kama utambi unavyochoka. Fundi anaweza kupandisha volti za hita kidogo, au mtambo ukasukuma ishara kubwa zaidi mlangoni ili inayotoka ibaki ile ile. Inafanya kazi vizuri sana, na ndipo hatari inapokaa. Fidia inaficha ugonjwa. Geji ya nguvu inasoma sawa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu siku nafasi ya kuongeza inapokwisha, nguvu inaporomoka na spea iko ng'ambo. Kwa hiyo kinachotakiwa kuandikwa kwenye daftari ni kiasi cha fidia iliyotumika, sio nguvu inayotoka peke yake. Nchi yenye rada moja ikipuuza daftari hilo inacheza pata potea.

Mitambo ya transista imepunguza presha hiyo. Badala ya vali moja kuna vipande vingi vinavyosukuma kwa pamoja. Kati ya 16 kikifa kimoja, nguvu inabaki kama asilimia 88 na umbali unapungua asilimia 3 tu, na kwenye mitambo mingi fundi anabadilisha kipande rada ikiendelea kuzunguka. Umbo la mpigo nalo siku hizi linachorwa na kompyuta. Amplifaya mzee akiupinda, kompyuta inapima ulivyopinda halafu inautuma ukiwa umepindishwa kinyume, mpaka unapofika kwenye antena umenyooka.

Kwa wakulima hili si la ndege tu. TMA ilipanga kuwa na rada saba za hali ya hewa na Mbeya imo. Rada hizo zinakisia mvua kwa ukubwa wa mwangwi. Kwa fomula ya kawaida ya mvua, nguvu ikishuka nusu bila mtu kujua, mvua ya milimita 30 itasomeka kama milimita 20 hivi. Ndiyo maana ndani yake kuna ishara ya majaribio ya ukubwa unaojulikana, inayoingizwa kila baada ya muda kama jiwe la kilo kwenye mizani ya muuza mchele. Mizani ikisoma gramu 900, unajua wa kurekebishwa ni nani.

Rada za kuongozea ndege zina jiwe lao pia. Kifaa cha kujibu, kama kile kinachobebwa na ndege, kinafungwa ardhini mahali palipopimwa kabisa, na kinajibu rada usiku na mchana kama ndege isiyoruka. Siku kikionekana kwenye skrini nje ya mahali pake, kengele inalia chumba cha mafundi.