Saa ya Ugonjwa na Saa ya Sheria: Funzo la Visima vya Camp Lejeune

Sheria huhesabu miaka, na ugonjwa nao una hesabu yake. Hesabu hizo mbili zinapopishana, hasara humwangukia raia. Historia ya maji ya Camp Lejeune, kambi ya kikosi cha Marine katika jimbo la North Carolina, Marekani, inadhihirisha jambo hilo kwa uchungu.

Kambi hiyo ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na maji yake yalitoka katika visima. Sheria ya Marekani leo inatambua kwamba kati ya Agosti 1953 na Desemba 1987 baadhi ya maji hayo yalikuwa na viyeyushi vya viwandani. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja, yaani askari, familia zao na wafanyakazi wa kiraia, huenda waliyatumia. Katika mtaa wa Tarawa Terrace, sumu ilitoka kwa dobi mmoja nje ya kambi, aliyesafisha nguo kwa kemikali badala ya maji. Katika eneo la Hadnot Point, ilitokana na matangi yaliyovuja chini ya ardhi na taka za karakana za jeshi lenyewe.

Kiyeyushi kama trikloroethilini hutumika kuondoa grisi kwenye vyuma. Kikimwagwa juu ya ardhi, sehemu yake huvukiza upesi, na ni rahisi kudhani kwamba kimekwisha. Kinachopenya udongoni, kwa kuwa ni kizito kuliko maji, huzama hadi kwenye maji ya ardhini na kuweza kukaa humo kwa miongo kadhaa. Mtu hukipata kwa kunywa, na pia kwa kuvuta mvuke wake anapooga maji ya moto.

Dalili za kwanza zilionekana mwaka 1980, pale maabara ya jeshi iliyokuwa ikipima kemikali zinazotokana na dawa ya klorini ilipobaini kemikali nyingine zinazovuruga vipimo. Mwaka 1982 maabara ya kibinafsi ilizitaja kemikali hizo kwa majina, na sampuli moja ya Hadnot Point ilikuwa na mikrogramu 1,400 za trikloroethilini katika kila lita. Kiwango cha juu kilichokuja kuruhusiwa baadaye ni mikrogramu 5. Hata hivyo, visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa kati ya mwishoni mwa 1984 na mwanzoni mwa 1985. Wakuu wa jeshi walijitetea kwamba wakati huo hapakuwa na kiwango cha kisheria. Kwa maneno mengine, karatasi ilikuwa kimya, na ukimya huo ukachukuliwa kuwa ruhusa.

Mwaka huohuo wa 1985, Janey Ensminger, binti wa askari wa Marine, alifariki kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 9. Baba yake, Jerry Ensminger, alisikia habari za maji hayo kupitia televisheni mwaka 1997, miaka 12 baada ya mazishi.

Hapo ndipo saa ya sheria ilipomkuta raia. Sheria ya North Carolina ilikata haki ya kudai fidia miaka 10 baada ya tendo la mwisho la mkosaji, iwe mwathirika amejua au hajajua. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la wakazi wa Asheville waliochafuliwa visima na kiwanda, iliuacha ukomo huo usimame. Wakazi hao walikuwa wamefahamishwa kuhusu uchafuzi mwaka 2009, ilhali kiwanja kiliuzwa mwaka 1987. Mashauri ya Camp Lejeune nayo yalitupwa mwaka 2016.

Sayansi, kwa upande wake, ilikuwa bado inafungua ukurasa. Mwaka 2012 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walithibitisha kwamba trikloroethilini husababisha saratani ya figo kwa binadamu. Mwaka 2023 utafiti uliwalinganisha askari waliokaa Camp Lejeune na wenzao wa Camp Pendleton, California, ukakuta hatari ya ugonjwa wa Parkinson imezidi kwa asilimia 70, miongo mingi baada ya wao kuyanywa maji hayo.

Mlango haukufunguliwa na mahakama. Ulifunguliwa na wananchi waliodai nyaraka, wakafika mbele ya Bunge mara kwa mara, hadi ikapatikana sheria ya matibabu mwaka 2012 na ya fidia Agosti 2022. Hata hiyo ya pili iliwapa wadai miaka miwili tu.

Mwanafunzi wa sheria na mtumishi wa umma wanaweza kuanzia hapa. Wanaposoma kifungu chochote cha ukomo wa madai, waulize: hesabu inaanza siku sumu ilipomwagwa, au siku aliyeinywa alipoambiwa? Na wanapopokea ripoti ya maabara yenye jina la kemikali isiyotajwa katika kanuni, wakumbuke kwamba kisima hufungika hata kabla kanuni haijaandikwa.